Kampuni Ikikuharibia Shamba

Ndugu wanachama, wakati wa mavuno wengi wetu hukodi magari ya kampuni. Je, gari likipasua sakafu ya kuanikia au kuvunja mkarafuu, yafaa kufanya nini?

Kwanza usizibe ufa wala usiondoe tawi siku ile. Mwite sheha na jirani waone, upige picha, uandike nambari ya gari. Kisha mpelekee mwenye kampuni barua, uweke nakala. Usigombane na dereva. Yeye ni mtumishi, na aliyepokea ujira wako ni kampuni.

Ugomvi mkubwa u katika bei. Sakafu ni hesabu ya saruji na fundi, haina maneno mengi. Lakini mti, kampuni hupenda kuulipa kama kuni! Sisi twaona hivyo si haki. Mche utakaopandwa mahali pake utakaa miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa. Basi dai mavuno ya miaka hiyo pia, ukionyesha stakabadhi zako za kuuzia karafuu.

Gari lao usilizuie, usije ukashitakiwa wewe. Na wakikupa sehemu ya fedha, usitie sahihi karatasi isemayo umeridhika mpaka umelipwa zote.