SOMO LA MWEZI HUU: KUTIA MOTO BETRI YA TREKTA KWA PANELI NDOGO YA SOLA



Katika skimu zetu za kumwagilia maji kandokando ya Mto Turkwel, trekta hufanya kazi nyingi kwa majuma machache ya kulima, kisha hukaa bandani miezi mizima. Siku ya kurudi shambani dereva azungusha ufunguo, na trekta lanyamaza. Hapo vijana huitwa kusukuma. Kwa trekta hiyo ni taabu tu. Lakini gari la kikundi likinyamaza hivyo usiku, na ndani yake yuko mama mjamzito wa kupelekwa hospitali ya Lodwar, jambo hilo si la kuchekwa hata kidogo.

Sisi wa Kainuk tu jirani na Bwawa la Turkwel, ambalo mitambo yake ilianza kazi mwaka 1991 na yaweza kutoa megawati 106. Hata hivyo nyaya za umeme hazifiki kila banda la trekta. Jua lafika kila mahali, nasi tunalo la kutosha na kusaza.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Betri hupoteza moto wake polepole hata ikikaa bure, na joto la kwetu huharakisha jambo hilo. Ikibaki bila moto kwa muda mrefu, sahani zake za risasi hushika ukoko mgumu ambao hautoki tena. (Risasi hii ni ile madini, si ile ya bunduki, ambayo nayo watu wa Kainuk wanaijua vizuri mno.) Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha karibu volti 12.6 kwenye mita. Ikionyesha 12.2, moto umebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, usingoje kesho.

Sasa tufanye hesabu, na mwenye penseli aichukue. Paneli ya wati 20 hufanya kazi kwa karibu volti 18. Gawanya 20 kwa 18: ni ampea 1.1 wakati wa jua kali. Tuseme siku moja hutupa saa 5 za jua kamili. Basi twapata ampea-saa 5.5 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 iliyofika nusu yahitaji 30. Zidisha kidogo kwa kile kinachopotea njiani, nawe utaona ya kuwa yahitaji kama juma moja. Paneli ya wati 5 hutoa ampea-saa 1.4 tu kwa siku. Hiyo haiwezi kufufua betri iliyolala, lakini yatosha kuilinda betri iliyojaa isilale. Kwa trekta lililopumzika, kulinda ndiko hasa tunakotaka.

Wengine husema, "Kama ndogo ni nzuri, kubwa ni bora zaidi." Nami nilisema hivyo zamani. Niliazima paneli ya wati 100, nikaiunga moja kwa moja kwenye betri ya gari, nikasafiri siku nne nikijiona mjanja. Niliporudi nilikuta maji yamechemka yakaisha, sahani zimekauka, na ubavu wa betri umevimba kama tumbo la mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Nililipa bei ya betri mpya, na bei ya kidhibiti juu yake.

Kidhibiti ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya paneli na betri. Betri ikijaa, hupunguza moto unaoingia. Usiku huzuia moto usirudi kwenye paneli. Paneli peke yake isipobeba mzigo yaweza kufika volti 21 au 22, na betri haipaswi kuchajiwa kupita kama volti 14.4. Tena kipimo hicho ni cha joto la nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikizidi, yafaa kupunguza kama volti 0.03, maana yake katika joto la nyuzi 38 ni karibu volti 14.0 tu. Mkinunua, ulizeni kidhibiti kinachopima joto chenyewe. Betri zilizofungwa, zisizo na vifuniko vya kutilia maji, zaharibika upesi zaidi bila chombo hiki.

Kuunganisha kuna utaratibu wake. Funika paneli kwa gunia. Unganisha betri na kidhibiti kwanza, waya wa chanya ukitangulia, kisha wa hasi. Paneli huja mwisho. Ukifungua, anza na paneli. Katika waya wa chanya, umbali wa shubiri moja tu toka kwenye betri, weka fyuzi. Kwa paneli ya wati 20 fyuzi ya ampea 5 yatosha. Nyaya zikigusana bila fyuzi, betri yaweza kuuyeyusha waya na kuunguza banda zima, na nyasi za paa letu hazihitaji kubembelezwa. Angalieni pia trekta kuukuu sana: machache yao chuma cha mwili kimeungwa na chanya, si hasi.

Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya bandani, cheche moja yailipua. Kwa hiyo fungua mlango, weka sigara na jiko mbali, wala usichungulie ndani ya betri kwa kiberiti. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri yauzwayo madukani. Maji ya mto yana chumvi, na asidi usiongeze. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, ndipo uende zahanati.

Paneli iinuliwe kidogo upande mmoja ili vumbi na mvua viteremke, na iachiwe nafasi ya hewa chini yake. Kivuli cha tawi moja la mgunga chaweza kupunguza sana kazi ya paneli nzima. Ifuteni kila juma kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto.

Betri ikifa kabisa, isipasuliwe nyumbani, wala asidi yake isimwagwe karibu na mfereji. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa sumu ya risasi, watoto wakiwamo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Irudisheni betri nzima kwa muuzaji mnaponunua mpya. Wengi hupunguza bei kidogo kwa ajili yake.