Mtoto Katika Nyumba ya Ugenini
Somo kwa waalimu, wazee wa kanisa na Wakristo wote wasomao

Masomo ya mwezi huu: Kutoka 2:1–10, 1 Samweli 2:18–21, Esta 2:5–7.



Mwezi huu nataka tujifunze pamoja habari ya watoto waliofiwa, na ya nyumba walizojengewa na Wakristo, hasa zile zilizoongozwa na watu waliotoka nchi za mbali wakaja kuwa wazazi wa watoto wasiowazaa. Sikulichagua somo hili kwa kuwa ni jepesi. Nimelichagua kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili, nami natumaini kosa langu litamfaa mwenzangu.

1. Watoto wa ziwa letu

Wako wanaodhani ya kuwa nyumba za watoto ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misioni ya Waanglikana iitwayo UMCA alifika Unguja, na Sultani akampa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa mwanzo wa shule yake. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Baadaye wavulana walikaa Kiungani, na wasichana wakakaa Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini majahazi ya magendo yaliendelea kukamatwa baharini, na watoto wakaendelea kuletwa.

Watoto wale walitoka wapi? Wengi walitoka pande zetu hizi. Njia kubwa ya misafara ilianza Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi ya Wayao, ikashuka hata Kilwa. Wala tusiseme ya kuwa wageni peke yao ndio waliowauza. Katika nchi yetu walikuwako waliowateka watoto wa jirani zao na kuwabadili kwa nguo na baruti. Mwaka 1887 kilitolewa kitabu cha habari walizozisimulia wavulana wa Kiungani wenyewe, jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Basi tunapotaja mtoto wa nyumba ya ugenini, tusimdhani kuwa mtoto wa watu wengine. Ni ndugu wa babu zetu.

2. Mama aliyekaa, na askofu aliyewarudisha watu

Mwaka 1877 Bibi Caroline Thackeray, Mwingereza, alifika Unguja, akawa mkuu wa shule ya wasichana ya Mbweni. Wasichana walifundishwa kusoma, kushona, kupika na kulima, na wengi wao wakaolewa na waalimu waliotoka Kiungani, wakaenda nao bara kufanya kazi ya Injili. Bibi huyo aliongoza shule hata mwaka 1902. Alipoiacha kazi hakurudi kwao, bali alikaa papo hapo Mbweni hata alipofariki mwaka 1926. Nawaomba mwitazame hesabu hiyo: karibu miaka 50 mahali pamoja. Wasichana aliowalea walipopata watoto wao, waliweza kuwaleta kwake wamsalimu.

Jambo la pili ni la Askofu Steere. Mwaka 1876 alichukua watu waliowekwa huru, zaidi ya 50, akashuka nao Lindi, akapanda bara. Nia yake ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, kwa sababu wengi walitoka pande hizo. Walipofika Masasi wakaona nchi inafanana na kwao, wakakaa, na ndivyo ulivyoanza mji wa Wakristo wa Masasi. Safari haikufika ilikokusudiwa, lakini nia yake ndiyo ninayotaka mwishike. Walioitunza kazi ile walijua ya kuwa kumlisha mtu na kumfundisha ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kumrudisha kwa watu wake.

3. Nyumba zilizo karibu nasi kwa imani

Sisi Walutheri nasi tunayo habari yetu. Mwaka 1896 Wakristo wa Ujerumani walijenga nyumba huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani. Watoto wa namna hiyo walipopungua, waliojenga hawakuanza kutafuta watoto wengine ili nyumba ijae. Waliuliza ni nani mwingine asiye na mtu, wakawapokea wenye ugonjwa wa akili. Lutindi ni hospitali ya wagonjwa hao hata leo. Hapa pana mafundisho makubwa: mtoto hakuumbwa kwa ajili ya nyumba, bali nyumba ilijengwa kwa ajili ya mtoto.

Tena yuko George Müller. Alizaliwa Prussia mwaka 1805, na katika ujana wake alikuwa mwizi hata akafungwa gerezani. Alisoma Halle, mji wenye nyumba kubwa ya yatima iliyoanzishwa na mchungaji Francke, na mwaka 1829 akaenda Uingereza kuwa mmisionari. Mwaka 1836 alifungua nyumba ya kwanza ya yatima katika mji wa Bristol. Alipofariki mwaka 1898 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamepita katika mikono yake. Watu humsifu kwa kuwa hakuomba fedha kwa mtu, alimwomba Mungu tu. Ni kweli. Lakini wachache hukumbuka ya kuwa kila mwaka alitoa hesabu iliyopigwa chapa, ili vipawa vilivyopokewa na matumizi yake vijulikane kwa wote. Sala yake na daftari yake vilikaa juu ya meza moja.

4. Kosa langu

Sasa nitasema lililo langu. Mwaka 2012, katika usharika niliokuwa nikiutunza milimani, mama mmoja alifariki katika kujifungua. Baba alikuwa amekwisha kuondoka, wala hakujulikana aliko. Bibi wa mtoto alikuwa mgonjwa, mjomba hakuwa na maziwa wala fedha ya kuyanunua. Nikaandika barua, mtoto akapelekwa katika nyumba ya watoto ya mbali, naye akiwa na umri wa majuma matatu. Siku ile nilirudi Litumbandyosi nimefurahi, nikidhani nimetimiza neno la Yakobo 1:27. Na kweli mtoto aliokolewa na kifo. Lakini nikaifunga habari yake kama mtu afungaye kitabu alichokwisha kukisoma.

Mwaka 2018 bibi yake alikuwa amepona, na mjomba amepata mavuno mema ya kahawa. Wakaja kwangu wakasema, “Baba Mchungaji, tunamtaka mtoto wetu.” Tukasafiri sote watatu. Walezi walituomba tukae pale siku nane, ili mtoto atuzoee, na katika siku hizo niliiona kazi ya yule mama aliyetoka Ulaya kuiongoza nyumba ile.

Aliamka kabla ya jogoo, kwa kuwa watoto wachanga walinywa maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na yule wa zamu ya usiku alikuwa amechoka. Alipima maziwa kwa macho yake mwenyewe, maana maji yakizidi mtoto hukonda, na chupa isipochemshwa mtoto huhara. Kulipopambazuka waliimba, wakasali kwa maneno machache, wakanywa uji. Wakubwa wakaenda shule. Kisha ikaja kazi isiyoimbwa na mtu: nguo za kufua, kuni za kununua, mtoto mwenye homa wa kupelekwa zahanati, viatu vya mmoja vilivyopotea, barua za wafadhili zinazotaka majibu, na mpishi aliyetaka ruhusa ya kwenda msibani. Jioni aliandika hesabu. Usiku, watoto walipolala, nilimwona ameketi barazani peke yake, anasoma kamusi ya Kiswahili kwa taa ndogo. Aliniambia ya kuwa asubuhi watoto walimcheka kwa neno alilokosea, naye hakutaka kulikosea tena.

Nilimwuliza, “Mama, lililo zito kuliko yote katika kazi hii ni lipi?” Nilidhani atasema fedha. Akajibu ya kuwa ni likizo. “Nikienda kwetu miezi mitatu, wadogo hudhani nimekufa. Mama yao alikwenda, na sasa mimi nami nimekwenda.”

Siku ya pili alinionyesha daftari. Kila mtoto alikuwa na kurasa zake: uzito, chanjo, magonjwa, na ukurasa wa wageni waliokuja kumtazama. Ukurasa wa mtoto wetu ulikuwa mweupe. Miaka sita, wala hapana jina moja. Bibi alipomsalimu kwa Kimatengo, mtoto alijificha nyuma ya gauni la mlezi. Yule mama hakunilaumu. Alisema tu, “Baba Mchungaji, mtoto huniuliza mama yake amelala wapi, nami sijui la kumjibu.” Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemzika. Nilijua kaburi lilipo, chini ya mti gani. Sikuliandika katika barua yangu, kwa maana niliona ni jambo dogo.

Siku ya nane tukaondoka na mtoto. Alilia njiani hata Songea. Sasa anakaa na bibi na mjomba, anasoma, na Kimatengo chake kimekuwa kizuri kuliko changu. Kila mwaka huandika barua kwa yule mama, nami naiona kuwa haki.

5. Maandiko yatufundishayo

Tazameni watoto watatu. Musa alilelewa katika nyumba ya kigeni, lakini binti Farao alikubali apate mnyonyeshaji kutoka kwa Waebrania, na mnyonyeshaji huyo alikuwa mama yake mwenyewe. Kwa hiyo Musa alipokuwa mtu mzima aliwatambua ndugu zake. Nyumba njema ya ugenini ni ile inayomwachia mtoto maziwa ya kwao, yaani lugha, jina na jamaa.

Esta alikuwa hana baba wala mama, na Mordekai wa ukoo wake akamlea kama binti yake. Hapa hapakuhitajiwa nyumba ya mbali. Hii ndiyo njia ya kwanza, nayo inafaa kujaribiwa kabla ya nyingine zote.

Samweli aliwekwa katika nyumba ya Bwana huko Shilo, mbali na kwao. Lakini Hana hakumwacha. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Fikirini jambo hili: kwa kushona kanzu ilimpasa Hana ajue mtoto amekua kiasi gani. Usharika uliompeleka mtoto ugenini, wala haujui kimo chake, haukufanya kama Hana.

6. Mambo ya kufanya

Mwalimu, ukipata habari ya mtoto aliyefiwa, fanya hivi. Kwanza, keti na ukoo wa baba na wa mama, uulize ni nani awezaye kumlea akisaidiwa. Mara nyingi kinachokosekana si upendo bali ni maziwa, na maziwa yaweza kununuliwa kwa sadaka ya usharika. Pili, mpeleke mtoto mchanga zahanati upesi, maana uji mwepesi haumfai. Tatu, kama hapana budi apelekwe katika nyumba ya watoto, usipeleke kwa barua yako peke yako kama nilivyofanya mimi. Mwone afisa wa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka nyumba hizo ziwe na leseni. Nne, andika majina yote, ukoo, kijiji, siku ya kuzaliwa na ya ubatizo, na kaburi la mama. Nakala moja iende na mtoto, moja ikae katika kitabu cha usharika. Tano, wachaguliwe watu wawili waende kumtazama kila mwaka, wasiende mikono mitupu, nao waseme naye kwa lugha ya nyumbani. Sita, kila mwaka baraza la wazee liulize: je, sasa aweza kurudi?

Nanyi msiwadharau wale waliotoka mbali kuwalea watoto wetu. Kazi yao ni ngumu, na machozi yao hatuyaoni. Lakini heshima iliyo kubwa tuwezayo kuwapa ni kuujaza ule ukurasa wa wageni.

Maswali ya kujifunza

1. Katika usharika wenu wako watoto wangapi waliopelekwa mbali? Majina yao ni nani?
2. Kwa nini Askofu Steere alitaka kuwarudisha watu bara, hali walikuwa na chakula Mbweni?
3. Kanzu ya Hana katika siku zetu ni nini?
4. Ni nani atakayekwenda mwaka huu?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno. Lijibiwe kwa jina na tarehe, vikaandikwe katika kitabu cha usharika kabla ya kufunga kwa sala.