Dondoo muhimu: Kulinganisha hopsi kabla ya kupika bia

Kwenye pakiti, tafuta kwanza asilimia ya asidi za alfa. Ndizo zinazoleta uchungu. Saaz ya Ucheki huwa na takriban 3 hadi 4, Magnum ya Ujerumani 12 hadi 14. Kwa hiyo gramu 5 za Magnum yenye asilimia 14, zikichemka muda uleule, hufikia uchungu wa gramu 20 za Saaz yenye 3.5. Anayepima zote kwa uzito sawa halinganishi kitu.

Harufu ni habari nyingine. Sugua punje mbili tatu viganjani hadi zipate joto, kisha nusa. Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, hunukia balungi na maua. Saaz ni majani na viungo kwa mbali. Citra ni embe, pasheni na ndimu, na ukiizidisha hufunika kila kitu. Zikinuka jibini au soksi za jana, zimezeeka, tupa.

Jaribio la kweli ni la sufuria moja. Pika kimea cheupe kitupu, chemsha dakika 60 na Magnum kidogo, poza, gawa kwenye madumu safi, tia chachu ileile. Povu likitulia, kila dumu lipate hopsi ya aina yake, gramu 4 kwa lita, siku 3. Onja bila kujua lipi ni lipi. Jina kubwa hudanganya ulimi.

Zinazobaki ziweke kwenye friza, katika mfuko usiopitisha hewa. Na mbwa asizikaribie, hata machicha yake: hopsi ni sumu kwake.