Mkopo wa Masomo Katika Ndoa ya Wanafunzi

Swali: Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, aliyeoana na mwanafunzi mwenzake na kupanga naye chumba mjini Voi, anauliza iwapo mkopo wa HELB wa mmoja wao ni deni la wote wawili.

Jibu: Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, hutolewa kwa jina la mwanafunzi mmoja, naye ndiye anayedaiwa, hata kama fedha za matumizi zilinunua unga, mtungi wa gesi na sufuria za nyumba nzima. Hata hivyo, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inaelekeza kwamba dhima, yaani wajibu wa kulipa, iliyoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa yenyewe, hugawanywa sawa baina ya mume na mke. Kodi ya chumba huingia humo bila ubishi mkubwa. Karo ya mmoja, kwa maoni ya safu hii, ni vigumu kuingia. Inafaa wanandoa hao watunze risiti za kodi na kuandikiana mapema nani analipa nini.