JINA LA MTAA WANGU

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini je, ikiwa mwenyeji mwenyewe halijui jina la kwao, huyo mgeni atamponya nini?

Mpenzi msomaji, mimi ni mkazi wa Mbotela, hapa Eastlands. Nimezaliwa Mbotela, nimelelewa Mbotela, na kila jioni nikitoka shuleni humwambia makanga, "Nishukishe Mbotela." Jina hilo nimelitamka mara elfu na moja. Hata hivyo, mpaka muhula wa pili wa mwaka huu sikuwa nimejiuliza Mbotela alikuwa nani. Nitakueleza kwanza jinsi nilivyoaibika, kisha nikueleze nilichojifunza.

Ijumaa moja chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala. Hoja ilikuwa hii: "Majina ya mitaa yaliyowekwa na wakoloni yabadilishwe." Mimi niliwekwa upande wa kuunga mkono. Nilizungumza kwa madaha, nikapiga meza, nikasema kwamba majina hayo ni minyororo tuliyoachiwa shingoni. Makofi yakarindima. Kura zikapigwa, tukashinda.

Mlezi wa chama akasimama akaniuliza polepole, "Wewe unaishi wapi?"

"Mbotela, mwalimu."

"Mbotela alikuwa Mzungu gani?"

Nikabaki kinywa wazi. Mwenzangu mmoja wa nyuma akaropoka, "Si ni yule wa redio, mwalimu!" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniambia, "Nenda ukamtafute. Ukimpata, tuandikie jaridani."

Haya basi, nilimtafuta. Na nilipokuwa nikimtafuta yeye, nikawapata wengine wawili.

1. TOM MBOTELA

Yule wa redio tuliyemcheka ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyevuma kwa kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" Alifariki mwaka wa 2025. Mwenzangu hakuwa amepotea sana, kwa sababu ukoo ni mmoja. Lakini mtaa wetu ulipewa jina la Tom Mbotela, ambaye alikufa Leonard akiwa bado mtoto.

Ukoo huu asili yake ni Freretown, Mombasa. Hapo ndipo wamishenari Waingereza walipoanzisha, mwaka wa 1875, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Babake Tom, James Mbotela, alikuwa wa kizazi cha watu hao. Yeye ndiye aliyeandika kitabu "Uhuru wa Watumwa", kilichochapishwa mwaka wa 1934. Wanachama wenzangu, hebu fikirini: mtaa tunaoishi una jina la mtoto wa mwandishi wa Kiswahili, nasi wapenzi wa Kiswahili hatukujua! Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Lakini ukikumbuka kwamba mwandishi alilelewa na watu waliotolewa minyororo, utaelewa kidogo sifa hizo zilitoka wapi.

Tom alikuja Nairobi akaingia siasa. Alipanda hata akawa makamu wa rais wa KAU, chama cha Waafrika kilichoongozwa na Jomo Kenyatta. Ndani ya chama alikuwa upande wa wale waliotaka mambo yaende polepole, kwa mazungumzo na kwa sheria. Alipinga kiapo na alipinga umwagaji wa damu, na hakuficha. Nafikiri mtoto wa Freretown hangekuwa rahisi kuamini kwamba Mwingereza ni adui na basi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Mwezi uliofuata Tom Mbotela aliuawa usiku karibu na soko la Burma. Ni soko lile lile tunaloenda kununua nyama! Mauaji hayo yalihesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau.

2. AMBROSE OFAFA

Ukitoka kwetu kwa miguu, hufiki mbali kabla hujaingia Maringo. Wazee huiita Ofafa Maringo. Jericho nayo ni Ofafa Jericho. Sisi vijana tumeliacha jina Ofafa njiani kama mzigo.

Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na mwekahazina wa Luo Union, chama cha ustawi wa Wajaluo kilichokuwa na matawi Afrika Mashariki yote. Chama kama hicho kilikuwa na kazi nyingi: kumsaidia aliyefiwa kusafirisha maiti nyumbani, kumpokea mgeni wa mji, kuchanga karo. Mtu anayeaminiwa na fedha za watu wengi hivyo si mtu wa kubahatisha. Aliuawa mwaka wa 1953, wakati ule ule wa Hali ya Hatari. Wenzake wa Luo Union walichanga pesa wakajenga ukumbi wa kumkumbuka kule Kisumu, Ofafa Memorial Hall, nao uko hadi leo.

Sasa tazama. Ofafa alikumbukwa mara mbili. Watu wake walimjengea ukumbi kwa senti zao. Baraza la Jiji la wakati wa ukoloni lilimpa mitaa, kama lilivyompa Mbotela wetu. Je, sababu zilikuwa moja? Mimi naona sivyo. Luo Union walikuwa wakimlilia ndugu yao. Baraza lilikuwa likiwaambia maelfu ya wapangaji Waafrika: hawa ndio Waafrika wema, hawa ndio waliouawa na Mau Mau, muwakumbuke hawa. Jina likiandikwa kwenye kibao halisemi tu nani aliyekufa. Linasema pia nani aliyeshika brashi.

3. MAKHAN SINGH

Ndipo nikajiuliza: nani aliyefanya jambo kubwa huku kwetu na brashi ile ikamruka?

Fuata Jogoo Road kuelekea mjini mpaka Kaloleni, uulize ukumbi wa kijamii. Wazee waliuita bunge la Waafrika, kwa sababu katika siku ambazo Mwafrika hakuwa na kura, mambo yake yalijadiliwa humo. Tarehe 23 Aprili 1950 palifanyika mkutano mkubwa wa KAU pamoja na chama cha Wahindi. Bwana mmoja mwenye kilemba akasimama akapendekeza nyongeza kwenye azimio: Waingereza waondoke, na Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili, tena sasa. Siku zile hata viongozi wakali walidai viti zaidi bungeni, ardhi na mishahara. Kudai uhuru kamili mbele ya umati lilikuwa jambo geni, na wanahistoria wengi humtaja yeye kuwa wa kwanza kulifanya hadharani nchini.

Bwana huyo alikuwa Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka wa 1913, akaja Nairobi mwaka wa 1927 akiwa kijana mdogo, rika la mwanafunzi wa shule. Babake alikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa, na huko kijana alijifunza nguvu ya karatasi. Mwaka wa 1935 alianza kuongoza chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, akichapa matangazo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mnamo 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama vya wafanyakazi kuwa kimoja, Kubai akiwa rais naye akiwa katibu. Serikali ilikataa kukisajili. Mwezi Machi 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, chama hicho kiliwaomba wafanyakazi wasusie sherehe. Sherehe za nini, na watu wamelala wanane chumbani?

Majuma matatu baada ya mkutano wa Kaloleni, tarehe 15 Mei 1950, yeye na Kubai walikamatwa. Siku iliyofuata Nairobi ikasimama. Wafanyakazi waligoma wakitaka viongozi wao wafunguliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo huo ulidumu zaidi ya juma moja, ukaenea nje ya mji.

Makhan Singh alipelekwa kaskazini, Lokitaung kwanza, akazuiliwa sehemu za mbali hadi tarehe 22 Oktoba 1961. Hiyo ni miaka kumi na mmoja na zaidi. Kenyatta mwenyewe alikamatwa Oktoba 1952 akaachiliwa Agosti 1961, yaani Singh alitangulia kuingia na akachelewa kutoka. Tulipopata uhuru hakupewa cheo kikubwa chochote. Alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, ikatoka mwaka wa 1969, akafariki mwaka wa 1973.

Nyanya yangu alikuwa msichana mdogo wakati wa Hali ya Hatari. Nilipomsomea haya yote nilimuuliza, "Sasa shosho, Mbotela alikuwa msaliti ama shujaa?" Alikuwa anachambua sukuma wiki. Hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe unauliza kama mwalimu wa mtihani. Siku hizo ukiulizwa uko upande gani, jibu lolote lingeweza kukuua. Yeye alijibu. Wengi wetu tulinyamaza."

MAFUNZO

Kwanza, tusimhukumu mtu kwa kibao. Mbotela alitukuzwa na wakoloni baada ya kufa, lakini hakuombwa ruhusa. Kosa la aliyekusifu si lazima liwe lako.

Pili, tusimsamehe mtu kwa sababu aliuawa. Kifo cha kikatili hakifanyi msimamo wa mtu kuwa sahihi. Wako waliokufa msituni wakidai ardhi, nao pia walikuwa na watoto. Mizani iwe moja.

Tatu, anayetafuta historia aanze na majina yaliyoandikwa, kisha atafute yasiyoandikwa. Chui hajitangazi, nyayo ndizo humtangaza. Nyayo za Makhan Singh ziko Kaloleni, nasi twazikanyaga tukienda kucheza mpira.

Mwisho, ninafuta maneno yangu. Siku ile ya mjadala niliwaomba mnisaidie kulifuta jina la mtu nisiyemjua, nanyi mkanipigia makofi bila kumjua vilevile. Leo hoja hiyo ikirudi, nitasimama upande wa pili. Jina Mbotela libaki, na chini yake paandikwe alikuwa nani, aliamini nini, na nani aliyeliweka. Na kule Kaloleni tudai kibao kipya. Nimemwambia mlezi wetu kwamba niko tayari kuandika barua kwa kaunti. Amesema ataisahihisha Kiswahili, lakini sahihi ziwe zetu wanachama. Karatasi iko kwa katibu wa chama. Yangu iko juu, yako je?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtaa unaoishi ulipewa jina na nani, na mwaka gani? Muulize mzee mmoja kabla ya kuuliza kitabu.
2. Kwa nini Ofafa alikumbukwa na watu wa pande mbili zilizopingana? Toa sababu zako.
3. "Kosa la aliyekusifu si lazima liwe lako." Jadili.
4. Andika insha fupi: Mtu wa Eastlands anayestahili kibao.