Kompyuta Mpakato Isiyowasha Wi-Fi: Chunguza Kabla ya Kulipia Kadi Mpya



Chukulia kwamba kijana wako aliyehitimu kidato cha sita yuko nyumbani Genkuru, wilayani Tarime, anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Zimesalia siku mbili dirisha lifungwe, na kompyuta mpakato inakataa kuwasha Wi-Fi. Jirani anashauri ipelekwe Tarime mjini ikabadilishwe kadi. Huenda jirani amesema kweli. Lakini pia huenda kadi ni nzima, ila imezimwa au imekosa programu yake. Somo hili linaeleza namna ya kutofautisha hali hizo.

Kadi ya Wi-Fi ni kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachotuma na kupokea mawimbi ya redio. Ili ifanye kazi, sharti iwe imeruhusiwa kuwaka, iwe na draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia, na iwe nzima. Chunguza kwa mpangilio huo.

1. Je, imezimwa? Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Nyingine hutumia kitufe cha safu ya juu ya kibodi chenye mchoro wa mnara au ndege, ambacho mara nyingi hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Hakikisha pia kwamba hali ya ndegeni haijawashwa.

2. Je, imeganda? Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, na uondoe betri ikiwa ni ya kutoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha kila kitu na uwashe upya.

3. Je, draiva ipo? Kwenye Windows, bofya nembo ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua “Device Manager”, kisha “Network adapters”. Ukiona mshale unaoelekea chini kwenye jina la kadi, kadi imezimwa: bofya kulia na uchague “Enable device”. Alama ya mshangao ya njano huashiria hitilafu, mara nyingi ya draiva. Ikiwa kadi haionekani kabisa, huenda imefungwa kwenye mipangilio ya BIOS, imelegea au imeharibika. Hapo ndipo fundi anapohitajika.

Intaneti ya kupakulia draiva utaipata wapi? Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu ruhusu kushiriki intaneti kwa USB. Njia hii haitumii kadi ya Wi-Fi. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Kijana naye anaweza kukamilisha maombi yake kwa njia hiyo hiyo, bila kusubiri matengenezo. Angalia salio la kifurushi, kwa kuwa Windows inaweza kuanza kupakua masasisho yake bila wewe kuiagiza.

Ukifika kwa fundi, mweleze ulichokwisha kujaribu. Omba akuambie tatizo na gharama kabla ya kubadilisha kitu, akurudishie kadi ya zamani, na akupe risiti. Uliza pia kuhusu kifaa kidogo cha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Hakihitaji kompyuta kufunguliwa.

Haki yako. Ikiwa kompyuta ina dhamana, usiifungue. Irudishe kwa muuzaji pamoja na risiti. Asipokusikiliza, unaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ikiwa Wi-Fi inawaka na tatizo ni huduma ya intaneti yenyewe, anza na mtoa huduma wako na utunze kumbukumbu ya malalamiko. Usiporidhika na majibu, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza.