Somo: Mchoro wa Mashine Ulioulipia Umehifadhiwa Wapi?



Zamani mteja aliyeagiza mashine alikabidhiwa mchoro wa karatasi, akaukunjua mbele ya fundi na kuona kama ni mzima. Siku hizi hukabidhiwa flashi, na flashi haioneshi kwa nje kilichomo wala kilichokosekana. Somo hili linakusudia kukuwezesha kuhakikisha, kabla ya kumaliza malipo, kwamba umepokea mchoro wote.

Mfano

Tuseme kikundi cha wakulima wa Kibosho kinahitaji mashine ya kumenya kahawa mbivu, inayoendeshwa kwa mota badala ya mkono. Kikundi kinamlipa mchoraji wa Majengo, mjini Moshi, anayetumia programu ya usanifu kwa kompyuta, maarufu kama CAD. Katika kompyuta ya mchoraji mashine inaonekana kamili: fremu, ngoma, hopa, puli na mota. Kikundi kinapewa faili moja katika flashi.

Wiki mbili baadaye flashi inapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Faili linafunguka, lakini fremu na hopa hazionekani. Unatokea ujumbe kwamba mafaili hayakupatikana. Mchoraji amesafiri, nayo kahawa inaiva mashambani. Fedha imekwenda, na chuma hakijakatwa. Yawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kwa nini hutokea

Mashine katika programu hizi huchorwa kwa vipande. Kila kipande huwa na faili lake. Vipande vinavyokaa pamoja, kama vyuma vya fremu, huunda muunganiko mdogo. Miunganiko midogo nayo huunda muunganiko mkuu, ambao ndio mashine nzima. Kwa kawaida faili la muunganiko mkuu halibebi vipande vyote ndani yake. Hubeba anwani zinazoonesha kila faili lilipo.

Mkulima anayejua stakabadhi ya ghala ataelewa upesi. Stakabadhi si kahawa. Ni karatasi inayoonesha kahawa ipo ghala gani. Aliyepewa faili la muunganiko mkuu peke yake amepewa stakabadhi, na mzigo umebaki ghalani, yaani katika kompyuta ya mchoraji.

Mchoraji anapoanzisha muunganiko mdogo mpya, programu humchagulia mahali pa kuuhifadhi asipotaja mwenyewe. Mahali hapo huitwa mahali pa chaguo-msingi, nako kunatofautiana. Katika Autodesk Inventor, uchaguzi huongozwa na mradi uliofunguliwa wakati huo. Katika SolidWorks, kipande kipya chaweza kuhifadhiwa ndani ya muunganiko mkuu au katika faili la nje, kulingana na mpangilio uliowekwa. Mchoraji asiyeangalia dirisha la kuhifadhi anaweza kuiacha fremu yako katika folda ya kazi ya mteja mwingine, bila yeye mwenyewe kutambua.

Hasara yaweza kuwa kubwa zaidi endapo mafaili mawili yana jina moja, mathalani "fremu". Programu inaweza kulichukua lile lisilo lako. Hapo hakuna kinachokosekana kwenye kioo. Vipimo ndivyo visivyo sahihi, na kosa hujulikana chuma kikiwa kimekwisha kukatwa.

Hatua za kuchukua

1. *Kubalianeni kwa maandishi kabla ya malipo ya awali.* Yatajwe mafaili utakayopewa, jina la programu na toleo lake. Toleo la zamani mara nyingi haliwezi kufungua faili lililotengenezwa katika toleo jipya.

2. *Omba kazi yako iwe na folda yake.* Miunganiko midogo yote ihifadhiwe humo, na majina ya mafaili yaanze na jina la kazi, kwa mfano "kibosho-fremu". Mchoraji aweza kupanga hivyo tangu siku ya kwanza, na hapo chaguo-msingi halitampoteza.

3. *Omba mafaili yakusanywe na programu yenyewe.* Inventor na SolidWorks zote zina amri iitwayo Pack and Go, ambayo hukusanya muunganiko mkuu pamoja na mafaili unaoyategemea. Kunakili faili moja kwa mkono hakutoshi.

4. *Omba nakala mbili za ziada.* Ya kwanza ni ya STEP, ambayo huweza kubeba umbo la mashine nzima katika faili moja na kusomwa na programu nyingi, ikiwemo FreeCAD isiyolipiwa. Ya pili ni ya PDF yenye vipimo, ambayo fundi aweza kuichapisha. Fahamu kwamba nakala ya STEP hubeba umbo tu. Haibebi hatua za uchoraji, hivyo kuibadilisha ni kazi ngumu zaidi. Isichukue nafasi ya mafaili ya asili ikiwa uliyalipia.

5. *Jaribu katika kompyuta nyingine.* Hili ndilo jaribio kuu. Katika kompyuta ya mchoraji anwani zote zinafanya kazi, hivyo mashine itaonekana kamili hata kama flashi ni pungufu. Fungua flashi kwenye kompyuta isiyo yake, hesabu vipande, kisha linganisha vipimo vikuu na makubaliano.

6. *Malizia malipo baada ya jaribio,* nawe utunze nakala mahali pawili tofauti.

Haki na wajibu

Mchoraji naye ana haki zake. Michoro hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa hiyo kubalianeni mapema kama unanunua mafaili ya asili, au ruhusa ya kutengenezea mashine moja tu. Usidai baadaye usichokilipia.

Ukiahidiwa mafaili yote ukapewa pungufu, anza kwa kumjulisha mchoraji kwa maandishi, ukitaja faili linalokosekana. Mara nyingi litapatikana katika folda nyingine, na shauri litakwisha siku hiyohiyo. Ikiwa umepotoshwa kwa makusudi, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Tunza risiti, makubaliano, ujumbe wa simu na flashi yenyewe kama ulivyoipokea.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mashine huonekana kamili katika kompyuta ya mchoraji, ikapungua katika kompyuta nyingine?
2. Nakala ya STEP inakupa nini, na inakunyima nini?
3. Je, mchoro wako wa mwisho ulijaribiwa wapi kabla hujamaliza kulipa?